Kuchua msamba kabla ya kujifungua: mazungumzo na wajawazito na wahudumu wa afya, Dodoma

Mbukwenyi!

Kina mama, dada zetu wajawazito, bibi mliowasindikiza wajukuu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Bahi, Chamwino na hapa mjini, na nyinyi kina baba wachache mliokaa karibu na mlango: asanteni kwa kufika. Kina baba, sogeeni mbele. Kuna kazi yenu humu.

Mada ya leo ni msamba. Ni ile nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, yenye urefu wa kama sentimita 3 hadi 5 tu. Juu ni ngozi, chini yake ni misuli inayopishana, na upande wa nyuma kuna msuli wa mviringo unaobana haja kubwa na upepo. Siku ya kujifungua, kipande hicho kidogo kinatakiwa kutandazika mpaka kichwa cha mtoto kipite, na kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzunguko wa sentimita 33 hadi 35. Ndiyo maana kuchanika ni jambo la kawaida. Uingereza, ambako wanaandika kila mchaniko, wanakadiria kwamba hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaozaa kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, mchaniko au kuongezewa njia, yaani kukatwa na mkunga kwa mkasi.

Michaniko haifanani. Daraja la kwanza ni ngozi peke yake, na mara nyingi hupona bila kushonwa. Daraja la pili limeingia kwenye misuli ya msamba. Hilo hushonwa, na ndilo tunalolishona zaidi. Daraja la tatu limefika kwenye msuli unaobana haja kubwa. La nne limepasua mpaka ukuta wa ndani wa utumbo. Haya mawili ya mwisho ni machache, lakini ndiyo yanayomfanya mama ashindwe kuzuia upepo au choo, aache kwenda kanisani au msikitini, aache kupanda daladala, na asimwambie mtu. Na kuongezewa njia hukata ngozi na misuli sawasawa na daraja la pili.

Swali ni kama mama anaweza kufanya lolote nyumbani ili kupunguza uwezekano huo. Jibu ni ndiyo, kwa kuchua msamba, yaani kuukanda na kuuvuta taratibu kwa vidole vyenye mafuta, lakini kwa kiasi. Nasisitiza hilo la kiasi kwa sababu kuna watu mtaani wanaouza mafuta kwa kuahidi kwamba ukipaka hutachanika kabisa. Huo ni uongo.

Tunachokijua ni hiki. Jimbo la Quebec, Kanada, watafiti waliwafuatilia wanawake waliokuwa hawajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida. Nusu walichua msamba kuanzia wiki ya 34 au 35, nusu hawakuchua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Katika kila wanawake 100 waliochua, 24 walijifungua bila jeraha la msamba. Katika 100 ambao hawakuchua, walikuwa 15. Mwaka 2013 tafiti nne kutoka Kanada, Uingereza na Japani, zenye jumla ya wanawake 2,497, zilijumlishwa pamoja, na hesabu ikatoka hivi: wanawake 15 wakichua, mmoja kati yao anaepuka kushonwa, ambaye asingechua angeshonwa. Kuongezewa njia nako kulipungua. Ila michaniko ya daraja la tatu na la nne haikuonyesha tofauti ya wazi.

Mwingine atasema mmoja kati ya 15 ni mdogo. Kwa dawa ya kununua ningekubali. Lakini hapa gharama ni kijiko cha mafuta ya kupikia na dakika tano, mara mbili kwa wiki. Kwangu mimi inalipa.

Kwa mama aliyekwisha kuzaa kwa njia ya kawaida, kuchua hakukupunguza kuchanika. Msamba wake ulishatandazika zamani. Hata hivyo, katika kundi hilo waliochua walilalamika maumivu ya msamba kwa uchache zaidi miezi mitatu baada ya kuzaa. Akipenda, achue. Asipopenda, hajakosa kitu kikubwa. Walengwa wetu hasa ni wazazi wa kwanza, na wale ambao uzazi wao wote uliopita ulikuwa wa upasuaji, kwa sababu kwa upande wa msamba hao nao ni wazazi wa kwanza.

Jambo la mwisho kuhusu tafiti, halafu twende kwenye mikono. Waliopata faida zaidi ya kutoshonwa hawakuwa wale waliochua kila siku. Walikuwa wale waliochua kwa wastani wa chini ya mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo mama anayetuambia "nesi, mimi nafanya asubuhi na jioni kila siku" tunamshauri apunguze.

Tuanze na tarehe. Kuchua kunaanza wiki ya 34. Chukua kadi yako namba 4 ya kliniki, angalia tarehe ya matazamio, rudi nyuma wiki sita. Hapo ndipo unaanza, si kabla. Kama tarehe yako ni 20 Desemba, unaanza kati ya tarehe 8 na 10 Novemba. Aliyesahau tarehe ya hedhi ya mwisho na hana kipimo cha picha cha mapema amwombe mkunga amkadirie kwa kimo cha tumbo. Usianze kwa kubahatisha.

Wapo ambao hawatakiwi kuchua kabisa. Mwenye kondo la nyuma lililokaa chini au kuziba mlango wa kizazi. Aliyetokwa damu ukeni wakati wowote wa mimba hii, mpaka daktari aseme chanzo. Ambaye chupa imepasuka na maji yanatoka. Mwenye dalili za uchungu kabla ya wiki ya 37. Mwenye fangasi, malengelenge, vidonda au uchafu wenye harufu: huyu atibiwe kwanza apone, kwa sababu vidole vitasukuma ugonjwa ndani. Mwenye presha ya mimba au aliyeambiwa shingo ya kizazi ni fupi asianze bila kumuuliza anayemhudumia. Na msaidizi yeyote mwenye jeraha, jipu au ukurutu mkononi asitumie mkono huo.

Sasa mafuta. Hapa kwetu hatuna haja ya kutafuta ya mbali. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti. Mafuta ya alizeti yaliyochujwa yanafaa sana, hayana harufu ya kuongezwa na kwa kawaida hayawashi. Ya nazi yanafaa, ya zeituni yanafaa kwa mwenye nayo. Wakati wa kuanza, mimina kiasi kwenye kichupa kidogo kilichooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa, kiwe cha kazi hii tu. Kila unapochua, unamimina kijiko kimoja cha chai kwenye kisahani. Usichovye vidole ndani ya chupa. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mihogo au samaki hayafai. Yale ya kukamua yenye masimbi chini, yaache yatulie na uchukue ya juu, au tafuta yaliyochujwa. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, losheni, mafuta ya watoto yenye manukato, dawa ya kuchulia misuli yenye kuwasha: vyote hivyo viache. Hiyo ya kuwasha ikigusa ukeni, mama hulia.

Kuna tahadhari moja ambayo husahaulika. Mafuta yoyote ya kupikia hudhoofisha kondomu za mpira, nazo hupasuka. Kwa wanandoa wanaotumia kondomu, pengine mmoja anaishi na virusi vya UKIMWI, tumieni jeli ya maji inayouzwa duka la dawa badala ya mafuta.

Na wale wanaotumia shabu, ndimu au majani ya kukausha ili "kubana", tuelewane. Vinakausha na kuchubua utando uleule tunaotaka uwe laini na wenye ute. Acheni wakati wote wa mimba, na mkiacha moja kwa moja ni bora zaidi. Ndani ya uke hakuoshwi kwa sabuni pia, nje inatosha.

Maandalizi. Kata kucha fupi, hasa za dole gumba. Vua pete. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kikijaa utabana bila kujua. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Maji yakiwa ya ndoo, mtu akumiminie kwa kopo au tumia kibuyu chirizi, usitumbukize mikono kwenye beseni. Wakati mzuri ni baada ya kuoga maji ya vuguvugu, kwa kuwa misuli imelegea. Kipindi cha baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma, bila maji ya vuguvugu mtu anakakamaa mwili mzima na kazi haiendi. Asiyeweza kuoga aweke kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu juu ya msamba kwa dakika chache.

Mkao. Usilale chali kabisa. Mimba ya wiki 34 ikilala juu ya mshipa mkubwa wa mgongoni, damu hairudi vizuri kwenye moyo, mama anaona kizunguzungu na kutoka jasho. Kaa nusu, mgongo umeegemea ukuta wenye mito miwili, magoti yamekunjwa na kufunguka, nyayo zikiwa kwenye mkeka au godoro. Au simama, mguu mmoja juu ya kigoda, ufikie kwa mkono mmoja. Au lala ubavu wa kushoto. Mara mbili tatu za mwanzo weka kioo kidogo mbele yako upajue mahali. Wapo wanawake wazima ambao hawajawahi kupaona, na si kosa lao. Hakuna aliyewaambia wapatazame.

Fikiria sasa uso wa saa ya ukutani. Namba 12 iko juu, lilipo tundu la mkojo. Namba 6 iko chini, upande wa haja kubwa. Kazi yetu yote iko nusu ya chini: kutoka namba 3, kupitia 6, hadi 9. Nusu ya juu usiiguse. Kubonyeza karibu na tundu la mkojo huleta muwasho, na vijidudu huweza kupanda kwenye kibofu.

Paka mafuta vidole na msamba wenyewe. Ingiza dole gumba moja, au yote mawili kama mkono unafika, kwa kina cha sentimita 3 hadi 4. Hiyo ni kama kiungo kimoja na nusu cha dole. Vidole vingine vipumzike nje, kwenye mapaja au matako. Bonyeza polepole kuelekea chini, namba 6, halafu kuelekea pande. Unabonyeza mpaka uhisi unavutika na kuanza kuwaka kidogo, kama kuchomachoma. Hapo simama. Usiongeze nguvu. Shikilia hapohapo dakika moja, ukiweza mbili, huku unapumua taratibu kupitia mdomo. Mara nyingi ile hali ya kuwaka hupungua yenyewe kabla dakika haijaisha.

Baada ya hapo ndipo unachua. Ukiwa bado umebonyeza, telezesha dole kutoka 6 kwenda 3, rudi 6, nenda 9, mwendo wa nusu duara, taratibu, dakika mbili au tatu. Halafu shika msamba kati ya dole gumba lililo ndani na kidole cha shahada kilicho nje, uviringishe kidogo kidogo ili ngozi ya nje nayo ilegee. Mwisho, shikilia tena kwa dakika moja. Jumla ni dakika tano; usizidishe kumi. Futa mafuta ya nje kwa kitambaa safi, basi. Mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatano na Jumapili, mpaka siku ya uchungu.

Wiki ya kwanza panakuwa pagumu na mtu anasema haiwezekani. Baada ya kama wiki mbili wengi huona kwamba nguvu ileile haichomi tena. Wagogo mnaowamba ngoma za muheme mnalijua jambo hili: ngozi huloweshwa kwanza, ikivutwa kavu inapasuka pembeni.

Makosa tunayoyasikia kliniki ni yaleyale. Anayebonyeza kwa nguvu ili "apanue" huamka na uvimbe na wekundu, na msamba uliovimba huchanika upesi zaidi kuliko ambao haujaguswa. Anayeingiza na kutoa vidole haraka huchubua utando. Unatakiwa kushikilia na kutelezesha, si kusugua. Anayefanya kavu kwa sababu mafuta yameisha anajiumiza bure. Na wapo wanaochua vizuri lakini muda wote wamekaza matako na kuuma meno. Hao msamba wao haujifunzi kulegea. Kabla ya kubonyeza, vuta pumzi, itoe, legeza taya, legeza mabega, halafu sukuma kidogo sana kama mtu anayeanza kwenda haja. Utahisi msamba unashuka na kufunguka chini ya dole. Hisia hiyo ndiyo utakayoitafuta siku kichwa cha mtoto kikiwa mlangoni, na kwa maoni yangu thamani kubwa ya kuchua iko hapo kuliko kwenye ngozi.

Kama kuna maumivu makali, damu, maji yanayotiririka au tumbo linaanza kubana kwa mpangilio, acha na uende kituoni. Doa dogo la mafuta kwenye nguo kesho yake si tatizo.

Kina baba, nimesema mna kazi. Kuanzia wiki ya 36 mama wengi hawafiki tena kwa sababu ya tumbo. Mwenza anaweza kusaidia, kama mama ameridhia. Mama akikataa, mazungumzo yameisha. Mwenza atatumia kidole cha shahada, kimoja kwanza, vikiwa viwili baada ya wiki moja au mbili. Kanuni ni zilezile: kucha, sabuni, mafuta, nusu ya chini ya saa, kina kilekile. Tofauti ni kwamba wewe husikii anachosikia, kwa hiyo yeye ndiye anayesema "hapo", "punguza", "acha". Ukiambiwa acha, unaacha saa hiyo. Na usigeuze shughuli hii kuwa mwanzo wa tendo la ndoa kila mara, maana mama ataanza kukaza akiona chupa ya mafuta. Asiye na mwenza anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini, dada au mama mzazi, kwa hiari yake. Asiyetaka kusaidiwa na mtu atumie dole gumba moja akiwa amelala ubavu, inatosha.

Sasa niseme kuhusu ukeketaji, kwa sababu mkoani kwetu hatuwezi kuzungumzia msamba tukaruka hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulionyesha kwamba Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Jirani zetu Manyara ilikuwa asilimia 58. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Aliyekeketwa hana kosa lolote, na wahudumu wenzangu, hakuna sababu ya kumkaripia mwanamke kitandani kwa jambo alilofanyiwa akiwa mtoto. Akikaripiwa leo, hatasema tena, na mkunga wa leba ataligundua kovu wakati kichwa kimeshafika.

Kovu halivutiki kama ngozi nzima. Linabaki gumu, nyama ya pembeni yake ndiyo inayochanika. Kwa hiyo mama aliyekeketwa aombe akaguliwe kliniki kabla ya wiki ya 34, aandikiwe kwenye kadi alichokutwa nacho: kovu liko wapi, njia ina upana gani. Wengi wa hapa kwetu walikatwa upande wa mbele tu na njia haijazibwa. Hao wanaweza kuchua msamba kama wengine, wakijua kwamba kuchua nyuma hakulainishi kovu la mbele. Kwao mchaniko unaweza kwenda mbele, kuelekea tundu la mkojo, na mkunga anatakiwa kulinda mbele na nyuma wakati kichwa kinatoka. Wanaweza kupaka mafuta kwenye kovu na kulichezesha polepole kwa ncha ya kidole, nje tu, bila kulivuta.

Ambaye njia yake imebana kiasi kwamba kidole kimoja kinapita kwa shida, asichue. Asilazimishe. Huyo anahitaji kufunguliwa na mtaalamu hospitalini, wakati wa mimba au akiwa kwenye uchungu, kwa ganzi. Kufungua kwa wembe nyumbani kumeshaua kwa damu na kwa maambukizi. Na baada ya kujifungua hatushoni tena kuziba njia, hata familia ikiomba. Tunashona kilichochanika tu.

Kuchua nyumbani ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko leba, na hapo ndipo msamba huokolewa au kuharibiwa katika dakika kumi za mwisho. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, mama akiridhia, mambo matatu wakati wa kusukuma: kuchua msamba kwa mkono wa mkunga wenye glavu na kilainishi, kitambaa cha maji ya moto kiasi, na mkono wa mkunga kulinda msamba. Tafiti zimeonyesha kwamba kitambaa hicho hupunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne, kwa karibu nusu. Yaani kile ambacho kuchua nyumbani hakukuweza, kitambaa kinaweza.

Kwa hiyo mnapofungasha begi la kwenda kujifungulia, pamoja na ile chupa ya chai ya maji ya moto ambayo kila ndugu huibeba, ongezeni vitambaa vinne vya pamba vilivyofuliwa, kukaushwa juani na kupigwa pasi. Mkunga akivikubali, maji ya chupa huchanganywa na ya baridi kwenye bakuli safi mpaka ayapime kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake bila kuungua. Kitambaa huloweshwa, hukamuliwa, na kuwekwa kwenye msamba kichwa kinapoanza kuusukuma. Kikipoa, kingine. Yakiwa ya moto sana huunguza: nyama iliyovutika haisikii moto vizuri.

Kichwa kinapochomoza na hakirudi tena ndani, hapo ndipo mama husikia moto mkali kuzunguka njia yote. Akisukuma kwa nguvu zake zote dakika hiyo, anapasuka. Aache kusukuma, apumue kwa mdomo, pumzi fupi fupi, aache kizazi chenyewe kimtoe mtoto. Wahudumu wenzangu, tupunguze kelele za "sukuma, sukuma!" saa hiyo. Mkono mmoja juu ya kichwa ukikizuia kisichomoke, mwingine kwenye msamba, na sauti ya chini. Mzazi wa kwanza anaweza kuchukua hadi saa tatu tangu njia ifunguke yote. Kama mapigo ya mtoto ni mazuri na mama ana nguvu, hakuna sababu ya kumharakisha. Kukandamiza tumbo ili mtoto ashuke hakupendekezwi. Kuongeza njia kwa kila mzazi wa kwanza nako hakupendekezwi. Kukiwa na sababu, kwa mfano mtoto amechoka na anatakiwa kutoka sasa, mama aelezwe, akubali, apigwe ganzi, na mkasi uelekee pembeni, si chini moja kwa moja kwenye haja kubwa.

Mlalo nao una kazi. Ubavu, au magoti na mikono, humpa mtoto njia ya polepole kuliko kulala chali miguu imeinuliwa juu. Mama anaweza kuomba. Na zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, bibi zangu mnisamehe, zinaleta uchungu usio na pumziko. Mtoto hutoka ghafla, msamba haupati muda, na hatari ya kizazi kupasuka ni kubwa kuliko ya msamba.

Hata ukifanya yote haya unaweza kuchanika. Mtoto wa zaidi ya kilo 4, mtoto aliyetazama juu, au aliyevutwa kwa vakyumu, kile kifaa cha kunyonya kichwa, huchana hata msamba uliochuliwa vizuri. Mama aliyechanika hajashindwa kitu. Baada ya kujifungua mkunga akague kwa taa ya kutosha, na pamoja na hilo apime kwa kidole kwenye haja kubwa, kwa ruhusa yako, maana mchaniko wa daraja la tatu unaweza kujificha chini ya ngozi inayoonekana nzima. Usipofanyiwa, uliza.

Kidonda kilichoshonwa kinataka usafi na ukavu. Osha kwa maji safi kila unapotoka haja, kutoka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kugusa. Lile zoezi la kukandwa kwa maji ya moto sana na taulo, msamba wenye nyuzi uachwe nje kabisa. Tumeona ngozi ikibabuka na nyuzi zikiachia. Maji ya vuguvugu ya kukalia kwenye beseni safi yanafaa. Kula mlenda, papai, ugali wa mtama au uwele, kunywa maji mengi, choo kisiwe kigumu. Ukienda haja, weka pedi safi juu ya nyuzi na uishikilie; hazitakatika. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, kukiwa na usaha, harufu, homa, nyuzi kufunguka, au pedi inaloa damu ndani ya saa moja, rudi kituoni usiku huohuo. Upepo au choo kikitoka bila hiari, hata kidogo, hata kama ni mwezi wa tatu tangu uzae, usikae nacho. Kinatibika, na kadiri kinavyowahi ndivyo inavyokuwa rahisi.

Aliyewahi kupata daraja la tatu au la nne, mimba ijayo aseme siku ya kwanza kabisa ya kliniki, si wiki ya 38. Atapelekwa hospitali ya rufaa akaonwe na daktari wa wanawake, wapange pamoja atajifunguaje. Wengi huzaa tena kwa njia ya kawaida.

Pale mezani tuna kielelezo cha sponji, kichupa cha mafuta ya alizeti na kioo. Anayetaka kujaribu mkono aje, na mwenye swali la faragha aje na kadi yake.